Tuonyesheni Hesabu ya Mchango wa Familia Kabla Watoto Hawajachagua Kozi

Kwa Waziri wa Elimu, wakuu wa Hazina ya Vyuo Vikuu, Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu (HELB) na KUCCPS (huduma inayowapangia wanafunzi nafasi vyuoni), Nairobi

KUH: Mchango wa familia katika karo ya chuo kikuu

Waheshimiwa,

Nawasalimu kwa heshima. Mimi ni mwenye saiba, yaani duka la kompyuta na intaneti, hapa Kayole. Wazazi wengi wa mtaa huu hawana kompyuta nyumbani, kwa hivyo shughuli zao nyingi na serikali hupitia mezani pangu. Mtoto akiitwa chuo, fomu ya ufadhili inajazwa hapa, na majibu yakija yanasomwa hapa. Nimewaeleza wazazi mfumo wenu wa ufadhili mara nyingi, na sasa najua ni wapi wanaelewa na ni wapi wananyamaza tu kwa sababu hawataki mtoto aone wamekwama.

Ombi langu ni moja. Kabla mtoto hajachagua kozi kwenye tovuti ya KUCCPS, familia yake iwe imeshajua itadaiwa shilingi ngapi kwa mwaka, na ionyeshwe kiasi hicho kimepatikanaje. Mengine yote nitakayoandika yanatokana na hilo.

Sisemi kila kitu kimefichwa. Tangu Rais alipozindua mfumo huu mnamo Mei 2023, viwango vimetangazwa, vikarekebishwa mwaka uliofuata vikawa bendi tano, yaani madaraja ya familia kulingana na uwezo, na yeyote anayetaka anaweza kuvisoma. Kwa viwango hivyo vya mwaka 2024, mwanafunzi wa shahada katika chuo cha umma aliye bendi ya kwanza hupata ufadhili wa asilimia 70 ya gharama ya kozi, mkopo asilimia 25, na familia hutoa asilimia 5. Bendi ya pili ni 60, 30 na 10. Ya tatu ni 50, 30 na 20. Ya nne ni 40, 30 na 30. Ya tano ni 30, 30 na 40. Na mapato yaliyotajwa ni haya: bendi ya kwanza ni familia isiyozidi shilingi 5,995 kwa mwezi, ya pili mpaka 23,670, ya tatu mpaka 70,000, ya nne mpaka 120,000, na ya tano ni wanaozidi hapo.

Mzazi akielezwa hivyo anaelewa, hata yule aliyeachia darasa la saba. Kinachomshinda ni swali linalofuata: mimi naangukia wapi hapo? Hilo hakuna wa kumjibu. Fomu inamuuliza mtoto kuhusu wazazi wake, kazi zao, kama wako hai, ndugu wangapi wanasoma, shule alizopitia, anatoka wapi, kama ana ulemavu. Anajibu yote, anabonyeza, anangoja, kisha bendi inatoka. Kati ya majibu yake na ile bendi hakuna kinachoonekana. Ndugu wanaosoma wamehesabiwa vipi? Ugonjwa wa mama umepunguza nini? Shule aliyosoma imeongeza nini? Mtoto wa nyumba ya kwanza kwenye ploti na mtoto wa nyumba ya pili, wazazi wote vibarua, wanatoka na bendi tofauti, na hakuna mtu wa kuwaambia sababu.

Baba mmoja, fundi wa kuchomelea vyuma, alikaa hapa na binti yake. Tulipofika kwenye swali la mapato ya mwezi, akanigeukia akauliza, "Mama Kevo, niandike ya mwezi gani?" Akatoa daftari mfukoni, lile dogo la kuandikia madeni, akanionyesha. Mwezi mmoja alitengeneza mageti matatu ya ploti mpya akashika pesa. Miezi miwili iliyofuata hakupata ila kuziba masufuria na kuchomelea toroli. Wengine wamemlipa nusu, na mmoja amehama mtaa na deni lake. Hakuwa akitafuta njia ya kudanganya. Alitaka kusema kweli na hakujua kweli yenyewe ni ipi. Binti alikuwa ameinamisha kichwa akichezea kamba ya begi.

Mwalimu wa serikali au askari ana hati ya mshahara, na mtu wa namna hiyo mnaweza kumpima. Lakini Nairobi hii inasukumwa na watu wa jua kali, mama mboga, watu wa mjengo, wanaofua nguo za watu mitaa ya mbali na kurudi jioni na malipo ya siku. Mapato yao yana msimu. Fomu inayotaka nambari moja ya mwezi ingepaswa kumweleza mtu huyo, kwa maneno mepesi, ajumlishe nini na agawanye kwa ngapi. Maelezo ya mistari miwili yangetosha.

Kuna pia jambo la upana wa bendi yenyewe, na hapa ndipo naumia zaidi, kwa sababu bendi ya tatu ndiyo Kayole. Ndiyo Umoja, ndiyo Githurai, ndiyo Pipeline. Tuchukue kozi ya shilingi 200,000 kwa mwaka, ili hesabu iwe rahisi. Familia ya bendi ya tatu inatakiwa kutoa 40,000. Familia inayopata 30,000 kwa mwezi imo katika mapato hayo, na inayopata 69,000 imo pia. Ya kwanza inatoa zaidi ya mapato ya mwezi mzima, na ya pili inabaki na kitu hata ikilipa yote kwa mkupuo. Sasa teremka kidogo: familia ya 23,000 iko bendi ya pili na inatoa 20,000. Yaani tofauti ya shilingi elfu saba kwa mwezi inaongeza mchango mara mbili. Na hiyo elfu saba, kwa mtu wa Nairobi, imeshaliwa na kodi ya nyumba, maji ya mitungi na nauli ya kwenda mjini kabla mwezi haujafika katikati. Shilingi 30,000 Nairobi si sawa na shilingi 30,000 mahali ambapo mtu ana shamba lake na nyumba yake. Kama kanuni yenu inalijua hilo, tuonyesheni. Kama hailijui, basi tuijadili.

Halafu akademi, yaani shule za binafsi. Fomu huuliza mtoto alisoma wapi. Katika mitaa yetu akademi mara nyingi ni vyumba vya mabati nyuma ya kanisa, na mzazi alimpeleka mtoto hapo kwa sababu shule ya umma ilikuwa mbali au madarasa yalifurika. Mtu aliye ofisini akiona neno akademi anaweza kufikiria basi la njano na bwawa la kuogelea. Sijui mashine yenu inafikiria nini, na sina pa kuuliza.

Naomba sasa nizungumzie mkopo, kwa sababu hapa kuna jambo ambalo wazazi hawaambiwi waziwazi. Majibu yakitoka, mzazi hutazama mstari wa mwisho, ule wa mchango wa familia, na hudhani yote yaliyo juu yake yamelipwa na serikali. Mama mmoja alipiga magoti hapa kwenye sakafu akashukuru Mungu. Ikabidi nimwinue nimweleze taratibu kwamba sehemu ya pesa zile ni deni la mwanawe, na kwamba hata zile za matumizi ya chuoni, ambazo wanafunzi huziona kama zawadi kwa sababu zinaingia mikononi mwao, nazo ni deni.

Nimepiga hesabu kwa kutumia viwango vyenu wenyewe vya 2024. Pesa za matumizi ni 60,000 kwa mwaka kwa bendi ya kwanza, 55,000 kwa ya pili, 50,000 kwa ya tatu, 45,000 kwa ya nne na 40,000 kwa ya tano. Kwa kozi ileile ya 200,000, mwanafunzi wa bendi ya kwanza hukopa 50,000 za karo na 60,000 za matumizi, jumla 110,000 kwa mwaka. Kwa miaka minne ni 440,000. Wa bendi ya pili anafika 460,000. Wa tatu 440,000, wa nne 420,000, na wa tano 400,000. Hiyo ni kabla ya riba ya asilimia 4 kwa mwaka. Isomeni tena, waheshimiwa. Akichukua kila alichopewa, mtoto wa familia isiyofikisha hata elfu sita kwa mwezi anamaliza chuo na deni kubwa kuliko mtoto wa familia inayozidi 120,000. Ndiyo, mchango wa nyumbani kwao ulikuwa mdogo, na ufadhili aliopata ni mkubwa. Hilo nalikubali na nalishukuru. Lakini mwaka mmoja baada ya kumaliza anatakiwa kuanza kulipa, na akichelewa kuna faini ya shilingi 5,000 kwa mwezi. Yule wa bendi ya tano ana baba wa kumshika mkono akitafuta kazi. Huyu wa bendi ya kwanza, mara nyingi ndiye anayetazamiwa nyumbani asomeshe wadogo zake.

Sitaki mikopo iondolewe. Watu wengi wazima wa nchi hii wamesomeshwa na HELB tangu ilipoanzishwa mwaka 1995, na wanaolipa ndio wanaowasaidia wanaoingia leo. Ninachotaka ni kwamba siku mtoto wa miaka 18 anakubali mkopo, ukurasa uleule umwonyeshe: ukiendelea hivi mpaka mwisho wa kozi, utadaiwa kiasi hiki, na utalipa takriban kiasi hiki kwa mwezi. Pia aambiwe kwamba mkopo huombwa upya kila mwaka. Wapo wanaofika mwaka wa pili wakidhani waliomba mara moja ikatosha, wakajikuta wanakaribia mitihani na karo haijalipwa.

Sasa nirudi kwenye mpangilio wa mambo, ambao ndio kiini cha barua hii. Matokeo ya KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, yanatoka. Mwenye alama ya C+ na zaidi anaingia KUCCPS na kuchagua kozi. Anawekwa chuoni. Ndipo anaomba ufadhili, na ndipo bendi inatoka, wakati tayari ameshikilia barua ya kuitwa na familia imeshaambia kanisa zima. Kozi amechagua kwa alama zake na ndoto yake, bila kujua nyumbani watadaiwa ngapi. Akichagua udaktari, ambao gharama yake ni mara kadhaa ya ualimu, asilimia ileile 20 inakuwa mlima mwingine. Mzazi aliyezoea habari za zamani, za karo ya shilingi 16,000 kwa mwaka, hana kipimo chochote kichwani. Anaanza mbio: ofisi ya basari ya wadi, ofisi ya NG-CDF (mfuko wa maendeleo wa eneo bunge), chama, harambee ya wasapu, mkopo wa simu. Basari zenyewe zina tarehe zake, na mara nyingi hazioani na tarehe ya kuripoti chuoni.

Na mchango ule wa familia ni wa karo tu. Chumba cha kulala, chakula, godoro, nauli na simu ya kusomea haviko ndani yake, na zile pesa za matumizi zikichelewa, anayezifidia ni mama yule yule. Kijana mmoja wa jirani alikaa wiki za kwanza za muhula akisafiri kila alfajiri kutoka Kayole mpaka chuoni nje ya jiji kwa sababu hakuwa na ya hosteli. Alikuwa akilala kwenye matatu.

Yanayowezekana mahali pengine yanawezekana na hapa. Marekani wana fomu yao ya ufadhili, FAFSA. Kwa miaka mingi hesabu ile ilitoa kiasi kilichoitwa mchango unaotarajiwa wa familia, na kuanzia mwaka wa masomo wa 2024-25 kikabadilishwa, sasa wanatumia kielezo kingine. Sisemi kwao chuo ni nafuu, madeni ya wanafunzi wao yanajulikana dunia nzima. Lakini kanuni ya hesabu huchapishwa kila mwaka, majedwali yote, mtu akitaka anakaa na kalamu anafikia jibu lilelile. Na tangu mwaka 2011 sheria inavitaka vyuo vinavyopokea fedha za ufadhili za serikali kuu kuweka kikokotoo kwenye tovuti zao, ili familia ikadirie gharama kabla hata mtoto hajaomba nafasi. Walipobadilisha kanuni juzi, wakaondoa nafuu ya kugawanya mchango wa wazazi wakiwa na zaidi ya mtoto mmoja chuoni. Wazazi wenye watoto wawili waliliona jambo hilo mapema na wakapiga kelele, kwa sababu kanuni ilikuwa mezani. Hapa kwetu mzazi wa mapacha hawezi hata kujua kama ana sababu ya kulalamika.

Mnayo data, mnayo mashine, mnazo kanuni. Kikokotoo cha kukadiria si mradi wa mabilioni. Kiwekwe ndani ya tovuti ya KUCCPS, kando ya kila kozi: ingiza hali ya nyumbani, tazama bendi unayokadiriwa, tazama mchango wa familia kwa mwaka na deni la mwisho wa kozi. Makadirio yakikosea kidogo si neno. Mzazi akijua mwezi wa tatu kwamba Septemba atadaiwa 40,000, ana miezi sita ya kuweka kidogokidogo kwenye chama. Akiambiwa Agosti, anauza friji.

Kuhusu rufaa. Ni vizuri kwamba mwanafunzi anaruhusiwa kuomba bendi yake iangaliwe upya. Lakini anakata rufaa dhidi ya nini, ikiwa hakupewa sababu? Tumejaza maombi hapa kwa kubahatisha: labda hawakuona hati ya kifo cha baba, labda ni ile shule, labda ni nambari ya mapato. Jibu likija, ni bendi nyingine au ni ileile, bila neno la ziada. Kifungu cha 47 cha Katiba kinampa mtu haki ya kupewa sababu kwa maandishi pale haki yake inapoathiriwa na uamuzi wa ofisi ya umma. Kifungu cha 35 kinatupa haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Na Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inazungumzia waziwazi maamuzi yanayofanywa na mashine pekee: mtu ana haki ya kujulishwa na kuomba yaangaliwe upya. Hizi si fadhila tunazoomba.

Mnakumbuka wanafunzi walipoandamana mwaka 2024, na kamati ya kitaifa ikaundwa kuupitia mfumo. Mnakumbuka pia kwamba Desemba mwaka huohuo Mahakama Kuu iliamua kuwa mfumo huu unakiuka Katiba, na ukosefu wa ushirikishwaji wa umma ukiwa miongoni mwa sababu, kabla mambo hayajahamia Mahakama ya Rufani na mfumo ukaendelea kutumika. Mwaka 2025 mkatangaza kupunguza karo, na nawapongeza kwa dhati, kwa sababu kuna nyumba hapa zilizopumua. Lakini karo ikipungua bila kanuni kuwa wazi, mzazi bado anangoja bendi ya mwanawe akiwa hajui kilichopimwa.

Nina jambo la mwisho. Fomu ya ufadhili iko kwa Kiingereza. Katiba inasema Kiswahili ni lugha ya taifa na ni lugha rasmi pia. Mzazi anaposimama nyuma ya mwanawe na kusomewa tafsiri yangu ya haraka huku foleni ikingoja, hana njia ya kujua kama nimesema sawa, na ni yeye atakayedaiwa kwa majibu yale. Wekeni fomu hiyo kwa Kiswahili, pamoja na maelezo ya kila swali: kwa nini linaulizwa, na jibu lake linasogeza bendi upande gani. Ifanyeni kabla KUCCPS haijafungua uchaguzi ujao wa kozi.

Nangoja jibu lenu kwa heshima.

Mama Kevo,
mwenye saiba, Kayole, Nairobi